Fundi Anajibu: Waya Umeingia, Lakini Je, Tundu Ni Lake?

Mfungo umekwisha na Tanga nzima inaoa na kuolewa, kwa hiyo barua zilizofika mezani mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa vyombo vya muziki. Nimechagua nne. Nimezifupisha, lakini pale ambapo mwandishi ameeleza tatizo lake vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, nimeyaacha maneno yake kama yalivyo.

Gramafoni ya mjomba na twita iliyonyamaza

*Shikamoo, Fundi. Mimi ni DJ wa harusi, nakaa Makorora. Wiki mbili zilizopita bibi yake bibi harusi aliomba apigiwe santuri zake za taarabu ya Tanga, za enzi za Black Star na Lucky Star, santuri zenyewe hasa na si nyimbo hizohizo kutoka kwenye flashi. Nikaazima gramafoni kwa mjomba. Nilipoichomeka nyuma ya miksa, kwenye matundu yaliyoandikwa LINE, sauti ilitoka nyembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, hata nilipofungua kila kitu. Nikadhani matundu hayo yamekufa. Ili ukumbi usikae kimya nikachomeka deki ya CD kwenye matundu ya jirani yaliyoandikwa PHONO. Hapo ukalipuka mngurumo ambao sijapata kuusikia, na tangu siku hiyo twita ya spika moja haitoi kitu. Je, miksa yangu imeungua? Na kwa nini waweke matundu yanayofanana kabisa ikiwa hayatumiki sawa?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la kukutuliza: kwa maelezo uliyonipa, inaelekea sana kwamba miksa ni nzima na kilichoungua ni twita peke yake, kile kispika kidogo cha sauti za juu. Kuhusu matundu, umeuliza swali ambalo watu waliokaa nyuma ya miksa miaka kumi hawajaliuliza, na ndiyo sababu wanaunguza spika kila msimu wa harusi. Plagi zile nyekundu na nyeupe, ambazo mtaani tunaziita za AV, zina umbo moja duniani kote, lakini umbo halisemi lolote kuhusu nguvu ya umeme unaopita ndani yake. Nguvu hiyo ndiyo ya kuulizia kabla mkono haujagusa tundu.

Tuanzie kwenye gramafoni. Katika vichwa vya aina iliyo ya kawaida zaidi, sindano inapopita kwenye mifereji ya santuri hutikisa sumaku ndogo mbele ya koili za waya mwembamba sana, na umeme unaozaliwa hapo ni kiasi cha milivolti 5 tu, yaani sehemu tano katika elfu moja za volti. Deki ya CD haina udhaifu huo. Wimbo ukifika kileleni, deki hutoa volti 2, ambazo ni mara 400 ya zile za sindano. Vyombo hivi viwili vina plagi za sura moja, na mtu anayevitazama kwa nyuma anaweza kuapa kwamba ni ndugu.

Nyuma ya matundu ya PHONO pana saketi iliyowekwa mahususi kwa ajili ya gramafoni, na kazi yake ya kwanza ni kuzidisha umeme kiasi cha mara 100, ili milivolti 5 ziwe nusu volti na gramafoni iweze kukaa meza moja na wenziwe. Sasa piga hesabu ya ulichokifanya usiku ule. Ulichukua volti 2 ukazikabidhi kwa saketi inayozidisha mara 100, ukawa unaidai volti 200, ilhali umeme unaoilisha ndani ya miksa kwa kawaida ni kama volti 15 kila upande. Haikuwa nazo. Mawimbi ya sauti yakakatwa vichwa na miguu, yakawa bapa juu na chini kama matofali, na mawimbi ya namna hiyo huzaa sauti kali za juu ambazo hazimo katika wimbo wowote. Sauti hizo zote huelekezwa kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba mno kuubeba mzigo huo. Ikakatika.

Kazi ya pili ya saketi hiyo ndiyo inayoeleza yule mbu wako wa kwenye kopo. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa kwa makusudi, kwa sababu wimbi la besi likiachwa na ukubwa wake hulazimisha mfereji kuyumba sana kushoto na kulia, nafasi ya santuri ikaisha mapema na sindano ikaruka. Sauti za juu nazo hupandishwa, ili baadaye zinapoteremshwa wakati wa kucheza, ule mchakacho wa vumbi na wa santuri yenyewe uteremke pamoja nazo. Viwanda vya Marekani vilikubaliana kipimo kimoja cha kupunguza na kupandisha huko mwaka 1954, kikaenea duniani kwa jina la RIAA. Kwa kipimo hicho, besi ya chini kabisa, ya hertz 20, inakuwa imepunguzwa karibu mara kumi ikilinganishwa na sauti ya katikati, na ile ya juu kabisa, ya hertz 20,000, imepandishwa karibu mara kumi. Saketi ya PHONO hurudisha kila kitu mahali pake. Matundu ya LINE hayana habari hiyo, hupokea kinacholetwa kama kilivyo, na ndiyo maana ulisikia santuri jinsi ilivyochongwa: haina kifua, ina meno matupu.

Ili kuipima miksa, zima amplifaya kabisa, chomeka gramafoni kwenye PHONO, vaa hedifoni huku kitufe chake kikiwa chini, weka santuri, kisha panda polepole. Ukisikia sauti iliyojaa pande zote mbili, miksa imesalimika. Upande mmoja ukiwa kimya au ukichakacha peke yake, badilishana nyaya za kushoto na kulia kwanza, uone kama kasoro inahama, kabla ya kumpelekea fundi. Kasoro ikihama pamoja na waya, ugonjwa uko kwenye gramafoni au waya wake. Ikibaki palepale, ndipo utazame miksa. Twita usiisuke upya kwa kubahatisha. Nunua kiini kinacholingana na cha spika ya pili, chenye omu zilezile, yaani kiasi kilekile cha kuukinza umeme.

Kuna mambo mawili ya gramafoni ambayo hukuyauliza ila yatakupata mara tu utakapoichomeka panapostahili. Gramafoni nyingi hutoka na waya wa tatu, mwembamba, wenye ncha ya uma. Waya huo hufungwa kwenye skrubu iliyo nyuma ya miksa, karibu na matundu ya PHONO, iliyoandikwa GND. Ukiuacha ukining'inia utasikia mvumo mzito unaopungua ukishika chuma cha gramafoni na kurudi ukikiachia. Hiyo ndiyo dalili yake, na dawa yake ni nusu dakika ya kukaza skrubu. La pili ni kwamba gramafoni za miaka ya karibuni mara nyingi huwa na saketi ya PHONO ndani yake, pamoja na swichi ndogo ya kuchagua, kwa kawaida kwa nyuma. Swichi ikiwa upande wa LINE, mahali pake kwenye miksa ni LINE. Ukiipeleka PHONO, sauti itazidishwa ndani ya gramafoni na kuzidishwa tena ndani ya miksa, nawe utajikuta tena pale ulipokuwa na deki ya CD.

Geini, yaani kitufe cha kuzidisha sauti inayoingia kwenye chaneli, uiweke kabla wageni hawajaingia, kwa kutafuta mahali penye kelele zaidi katika wimbo na kupandisha hadi taa za chaneli zicheze kwenye kijani na kugusa manjano. Nyekundu si taa ya kuonyesha kwamba muziki umekolea, ingawa nimeona madijei wanaojivunia kuiwasha usiku kucha. Na kamwe usigeuze swichi ya PHONO na LINE huku kitelezi cha chaneli kikiwa juu.

Bibi yule usimbishie. Anachokisikia kwenye santuri kipo.

Mwimbaji aliyetoweka

*Asalaam aleikum, Fundi. Kikundi chetu cha kina mama cha Chumbageni kina miksa ndogo na maiki mbili. Kwenye singo ya binti wa mwenzetu tulitaka kupiga taarabu kutoka kwenye simu, kijana mmoja akatuuzia waya wenye pini ndogo upande wa simu na pini nene upande wa pili, tukaingiza ile nene kwenye tundu la maiki. Vinanda vilisikika, ngoma zikasikika kwa mbali, lakini mwimbaji hakuwamo! Wimbo mzima bila mwimbaji. Kuna walioanza kusema mambo ya mashetani. Jambo la pili: mwenye ukumbi anasema safari ijayo tusihangaike, tuchukue muziki nyuma ya amplifaya yake, pale zinapochomekwa spika, tuuingize kwenye miksa yetu. Inafaa?*

Wa aleikum salaam, mama. Mashetani waacheni wapumzike, na mwenye ukumbi nitamjia baadaye, ila nakusihini msichomeke chochote hapo kabla hamjamaliza kusoma.

Chukua ule waya uutazame pini kwa karibu. Utaona pete nyeusi nyembamba zinazoikata pini vipandevipande. Pete moja maana yake pini ina vipande viwili, nayo ni ya sauti ya njia moja. Pete mbili hufanya vipande vitatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, kipande cha kati hubeba ya kulia, na shina ndilo la kurudishia umeme. Pete tatu ni ya vifaa vya masikioni vyenye maiki, ambavyo simu huvitumia kwa mazungumzo. Nina hakika waya wenu una pete mbili kila upande.

Tatizo ni kwamba tundu la maiki nalo hupokea pini ya vipande vitatu, lakini kwa maana nyingine kabisa. Maiki hutuma sauti ileile kupitia nyaya mbili, moja ikiwa imegeuzwa kinyume cha mwenziwe, na miksa huchukua tofauti kati ya hizo mbili. Kelele iliyoingia njiani, kwa mfano kutoka waya wa umeme uliolala kando, huingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja, basi tofauti ikichukuliwa inajifuta yenyewe. Ni mpango wa busara, na ndio unaowezesha waya wa maiki kuvuka ukumbi mzima bila kuokota mvumo.

Mliloifanyia miksa ni kuiletea kushoto na kulia za wimbo mahali inapongojea sauti na kinyume chake. Miksa haikujua, ikatoa moja kutoka kwa nyingine kama ilivyofundishwa. Karibu katika kila rekodi, mwimbaji huwekwa katikati, yaani sauti yake iko sawa kushoto na kulia. Ukitoa tatu kwenye tatu hubaki sifuri. Besi nayo huwekwa katikati, ikaondoka naye. Vinanda vilivyowekwa zaidi upande mmoja vilisalia kwa sababu upande wa pili haukuwa na cha kuvifuta. Mwimbaji wenu alikuwamo mara mbili, ndiyo maana hakusikika hata mara moja.

Mnachohitaji ni waya wenye pini ndogo ya pete mbili upande wa simu, ambao upande wa pili unagawanyika kuwa plagi mbili za AV, au pini mbili nene za pete moja moja, kulingana na matundu mliyonayo. Hizo ziingie kwenye chaneli ya LINE yenye kushoto na kulia. Hata kama mwimbaji asingetoweka, tundu la maiki lisingewafaa, kwa kuwa limetengenezwa kupokea milivolti chache za mtu anayeongea, na simu iliyofunguliwa inaweza kutoa nusu volti na zaidi. Simu yenyewe ifungueni karibu na mwisho, mbakize hatua moja au mbili, muiachie miksa kazi iliyobaki, na muiweke katika hali ya ndege, maana mlio wa ujumbe ukipita kwenye spika mbili kubwa hukatisha hata dua.

Ikiwa miksa imebakiwa na tundu moja tu la LINE, msikubali kijana awasokotee kushoto na kulia pamoja. Waya wa panda unaruhusiwa kuchukua sauti moja na kuipeleka sehemu mbili. Kinyume chake, kukutanisha sauti mbili kwenye tundu moja, hufanya saketi mbili za simu zisukumane kila moja ikijaribu kuilazimisha nyenzake, na zote huumia. Fundi mwenye kujua ataweka rezista, kile kipande kidogo cha kuukinza umeme, ya omu 1,000 kwenye kila waya kabla hazijakutana, kazi ya dakika kumi na gharama ndogo kuliko soda.

Jambo jingine la tundu la maiki, ambalo halikuwakuta lakini liko karibu: miksa nyingi zina kitufe kilichoandikwa 48 V, ambacho hupeleka umeme wa volti 48 kwenye matundu ya maiki yenye miguu mitatu ili kuzilisha maiki za aina ya kondensa. Maiki za kawaida za kuimbia, zikiwa na waya mzima wa miguu mitatu, hazidhuriki nao. Simu au kompyuta iliyounganishwa hapo kwa waya wa kuungaunga inaweza kuharibika papo hapo. Kama hamna maiki ya kondensa, kitufe hicho kikae kimezimwa.

Sasa mwenye ukumbi. Jibu ni hapana, na sababu naijua kwa pua yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, katika ukumbi ambao sitautaja, tulipungukiwa waya wa LINE nami nikaona amplifaya ina matundu manene nyuma yanayofanana na ya miksa, nikaunganisha. Nilisikia mlio mfupi kama kijiti kinachovunjwa, kisha ikaja ile harufu ya rezista iliyoungua ambayo mtu akishainusa hawezi kuifananisha na nyingine. Amplifaya ya wati 100 ikisukuma spika ya omu 8 hutoa volti zipatazo 28, na nguvu ya kusukuma spika nzima iko nyuma yake. Tundu la LINE linangojea kama volti moja. Bwana yule mwulizeni kama amplifaya au miksa yake ina matundu yaliyoandikwa LINE OUT au REC OUT. Hayo ndiyo ya kugawana na majirani. Kama hana, yapo masanduku madogo ya DI yaliyotengenezwa kuchukua sauti kutoka kwenye tundu la spika na kuipunguza, lakini si yote yanayoweza, na lile linaloweza huandikwa hivyo wazi juu yake.

Mguu wa plagi uliokatwa

*Fundi, mimi ni wa Mabawa. Nikichomeka kompyuta mpakato kwenye miksa unasikika mvumo, na nikichomoa chaja unakwisha. Mtu wa umeme amenishauri nikate mguu mkubwa wa plagi ya amplifaya, ule wa ethi, na kweli amemfanyia rafiki yangu na mvumo umeisha. Nimfuate?*

Usimfuate, na mwambie rafiki yako anunue plagi mpya leo.

Mvumo unaousikia unatokana na ethi kukutana kwa njia mbili. Kompyuta imefika ardhini kupitia chaja yake, miksa na amplifaya zimefika ardhini kupitia plagi zao, na waya wa sauti unaoziunganisha umekuwa daraja la tatu. Duara likishafungika, mkondo mdogo wa umeme wa nyumbani huzunguka kwenye ganda la waya wa sauti, na kwa kuwa umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, spika zinauimba kwa hertz 50 au kwa 100. Mtu wako wa umeme amelivunja duara kweli. Amelivunja mahali pabaya kuliko pote.

Mguu ule mkubwa una kazi moja: siku waya wa moto utakapochomoka ndani ya amplifaya na kugusa bati lake, umeme upate njia ya haraka ya kwenda ardhini na fyuzi ikatike. Ukiukata, bati la amplifaya litakaa na volti 230 kimya kimya, hakuna taa wala mlio. Ganda la waya wa sauti limeunganishwa na bati hilo, likaenda hadi kwenye miksa, na kutoka miksa hadi kwenye chuma cha maiki. Anayefika mwisho wa njia hiyo ni mwimbaji aliyesimama pekupeku kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, midomo ikiwa juu ya maiki. Mvumo haujaua mtu.

Jaribu kwanza bila kununua chochote. Vyombo vyote vya sauti vichukue umeme kwenye soketi moja, kupitia ekstensheni moja nzima yenye ethi na inayoweza kuubeba mzigo wote, kwa sababu soketi mbili za pembe mbili za ukumbi zinaweza kutofautiana ethi, na katika kumbi za zamani hata fezi, yaani njia ya umeme wa moto. Nyaya za sauti zisilale sambamba na za umeme. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba. Mvumo ukibaki, piga muziki kompyuta ikiwa kwenye betri, au nunua kisanduku cha transfoma za sauti, chenye plagi za AV kila upande. Ndani yake mna koili mbili zisizogusana, sauti huvuka kwa usumaku na duara la ethi hukatika upande wa sauti, ambako kukatika hakumdhuru mtu. Masanduku ya DI nayo huwa na swichi ya kuachanisha ethi. Swichi hiyo huachanisha ganda la waya wa sauti tu, plagi ya umeme ikabaki na miguu yake mitatu.

Utaona vyombo vilivyotoka kiwandani na plagi ya miguu miwili, na juu yake pamechorwa mraba ndani ya mraba. Hivyo vimekingwa mara mbili kwa ndani na havihitaji ethi. Visikufanye udhani kwamba mguu wa tatu wa amplifaya yako ni pambo. Na kama unamiliki ukumbi au unaupangisha mara kwa mara, weka swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja milliampea 30. Hiyo ndiyo ya kumlinda mtu, fyuzi hulinda nyaya.

Kwa kuwa umeme wa TANESCO ukikatika harusi huhamia kwenye jenereta, niongeze hili. Umeme ukikatika, kabla wageni hawajamaliza kuguna, mkono uende kwenye swichi ya amplifaya na kuizima. Washa jenereta bila mzigo, iache itulie, pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 200 au juu ya 250 usiunganishe chochote hadi irekebishwe. Halafu washa kompyuta na deki, kisha miksa, vitelezi vikiwa chini, na amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kufunga kazi, amplifaya ndiyo hutangulia kuzimwa. Kila chombo hutema kishindo kidogo cha umeme kinapowashwa au kuzimwa, na amplifaya iliyo wazi hukikuza kishindo hicho na kukitupa kwenye koni za spika. Ule mdundo unaowafanya watoto ukumbini waruke ni huo, na kila mdundo unakula umri wa spika.

Chumvi ya Raskazone

*Fundi, tunapiga muziki ufukweni Raskazone kila Jumapili. Miksa haina mwaka mmoja lakini kila nikizungusha kitufe inachakacha, na nyaya inabidi nizitikise ndipo sauti ya kushoto irudi. Kijana wangu anataka kupulizia mafuta ya cherehani.*

Mzuie. Mafuta ya cherehani hubaki, hukusanya mchanga, na baada ya mwezi utakuwa na tope ndani ya vitelezi. Iliyokula matundu yako ni hewa ya bahari, ambayo hufanya ukungu wa kijani kwenye shaba na weusi kwenye nyuso za plagi, na sauti dhaifu kama ile ya sindano ya gramafoni haiwezi kuupenya. Nunua dawa ya kopo ya kusafishia kontakti za umeme, ile inayokauka yenyewe. Chomoa umeme, pulizia kidogo kwenye kila kitufe na kila kitelezi, kisha vizungushe na kuvitelezesha kutoka mwanzo hadi mwisho mara ishirini, na plagi za AV uzichomeke na kuzichomoa mara kadhaa zikiwa na dawa. Acha nusu saa ikauke kabla ya kuwasha.

Ile plagi ya kushoto inayohitaji kutikiswa, ifungue. Nadhani utakuta waya umelehemewa kwa bati kidogo mno, na ganda lake limebaki na nyuzi mbili tatu. Kata waya sentimita tano, uulehemu upya, na siku msizopiga, miksa ikae ndani ya sanduku lake lililofungwa badala ya kulala barazani chini ya kanga.